Katika modeli ya meli, mota huchaguliwa mwisho

Anayeanza kutengeneza modeli ndogo ya meli ya kuongozwa kwa rimoti huwa na swali lake la kwanza, na karibu kila mara ni lile lile: niweke mota gani? Swali hilo huulizwa kabla bodi haijapimwa uzito, kabla ya kujulikana propela itakayoenea chini ya tezi, na mara nyingi kabla usukani haujafikiriwa hata kidogo. Jibu analopewa nalo halibadiliki: tafuta mota yenye nguvu, ikizidi utapunguza. Nadai kwamba ushauri huo ndio unaozifanya modeli nyingi ziishie juu ya kabati. Nguvu ikitangulia, kila kitu kingine hulazimika kuifuata: betri inakuwa kubwa, uzito unapanda, chombo kinazama hadi karibu na sitaha, nyaya zinachemka, na usukani uliochongwa kwa kipimo cha meli halisi unashindwa kukigeuza chombo kinachokimbia kupita kiasi. Mpangilio unaofaa unaanzia upande wa pili. Bodi iamue propela, propela na usukani vipangwe pamoja, mota ije baada ya hapo, na betri ifuate mota. Hili si suala la ladha ya mtu. Ni hesabu ambazo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzifanya kwa kikokotoo cha simu.

Tuchukue chombo tunachokijua. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa mwaka 1913 katika yadi ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa ndani ya masanduku hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Ina urefu unaozidi kidogo mita 71, upana wa kama mita 10, na husukumwa na propela mbili. Modeli yake ya kipimo cha moja kwa mia inakuwa na urefu wa sentimita 71 na upana wa sentimita 10, chombo cha kukaa mezani na kubebwa kwa mkono mmoja. Lakini uzito haupungui mara mia. Unapungua mara milioni moja, kwa kuwa urefu, upana na kina vyote vimepungua, kila kimoja mara mia. Tukikadiria kwamba meli ya ukubwa huo huelea ikiwa na tani 1,200 hadi 1,500, modeli yake itakaa kwenye mstari wake wa maji ikiwa na kilo moja na robo hivi, ikizidi sana kilo moja na nusu. Ndani ya uzito huo viingie bodi, sitaha, bomba la moshi, milingoti, shafti, sevo ya usukani, kipokezi cha rimoti, mota, betri na farumi. Mota moja ya ukubwa wa 540, ile ya magari ya mbio ya rimoti, ina gramu zipatazo 160. Zikiwekwa mbili, moja kwa kila propela, zinakula zaidi ya humusi ya uzito wote kabla hata betri haijaguswa.

Mwendo nao una sheria yake, na aliyeitafuta kwa vitendo ni Mwingereza William Froude. Katika miaka ya 1860 alikokota modeli katika mto Dart, na mwanzoni mwa miaka ya 1870 akajenga tangi refu la majaribio mjini Torquay kwa fedha za Jeshi la Wanamaji la Uingereza. Alichoonyesha ni kwamba modeli huinua mawimbi yenye sura ile ile ya meli halisi pale tu mwendo wake unapopunguzwa kwa kipeuo cha pili cha kipimo chake. Kwa kipimo cha moja kwa mia, kipeuo hicho ni kumi. Meli inayokwenda maili 10 za baharini kwa saa, yaani kama mita tano kwa sekunde, modeli yake inapaswa kwenda nusu mita tu kwa sekunde, polepole kuliko mtu anayetembea kwa starehe. Ipeleke modeli hiyo mita moja kwa sekunde na tayari umeigiza Liemba inayokata maji kwa maili 20 za baharini kwa saa, mwendo ambao haijawahi kuukaribia. Zaidi ya hapo bodi ya umbo hilo haikubali. Inachimba shimo la wimbi lake yenyewe, tezi inazama, omo inanyanyuka, na kila wati inayoongezwa inageuka povu. Anayeitazama kutoka ufukweni, hata kama hajui hesabu yoyote, huona kwamba anachokitazama si meli tena.

Sasa nguvu. Kwa sheria hiyo hiyo, nguvu inayohitajika hupungua kwa uzito mara mwendo, na kwa kipimo cha moja kwa mia inagawanywa kwa milioni kumi. Tuchukue kwamba meli ya mvuke ya ukubwa huo ilikuwa na mitambo ya nguvu farasi 500, sawa na kilowati 370. Ukigawanya, unapata wati 0.037. Ni namba ndogo mno kiasi cha kutia shaka, na shaka hiyo ina haki yake, kwa sababu maji hayapungui unene pamoja na modeli. Bodi ndogo husumbuliwa na msuguano wa maji kuliko bodi kubwa, propela ndogo hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu inayopewa, mota ndogo hupoteza zaidi ya nusu ya umeme unaoingia, na shafti iliyobana hula sehemu yake. Weka hasara zote hizo, kisha uwe mkarimu: unafika kwenye wati moja au mbili za umeme kutoka kwenye betri. Kwa betri ya volti 7.4, hiyo ni robo hivi ya ampea au pungufu. Linganisha na mota ya 540 iliyofungwa propela ya milimita 30, ambayo yenyewe peke yake inaweza kuvuta ampea nane hadi kumi. Betri ya saa-ampea mbili inayoweza kuendesha modeli hii zaidi ya saa tano inakwisha kwa robo saa au pungufu.

Pingamizi la kwanza hapa lina uzito, na sitaki kulipita juu juu. Wazoefu husema nguvu ya akiba si anasa, kwa sababu ziwa lina upepo, na upepo haujui vipimo. Ni kweli kabisa. Upepo wa mita tano kwa sekunde, ambao kwa nahodha wa meli halisi ni upepo wa kawaida wa alasiri, kwa modeli ya moja kwa mia ni sawa na upepo wa mita 50 kwa sekunde kwa meli yenyewe, yaani kimbunga. Ukiipiga modeli usoni, msukumo wake unaweza kuzidi ukinzani wote wa maji. Ukiipiga ubavuni, modeli inaweza kupelekwa kwenye matete na nahodha wake akabaki akiitazama. Kwa hiyo akiba inahitajika. Swali ni kiasi gani. Ukitaka msukumo mara tatu ya ule wa mwendo wa kawaida, propela inahitaji nguvu mara tano hivi. Zile wati mbili zinakuwa kumi kwa chombo kizima. Wati kumi ni akiba ya kweli, na bado ziko mbali na zile mia na zaidi ambazo mota mbili za 540 zinaweza kuzimeza. Hoja ya upepo inadai akiba, nami naikubali. Haidai mota za gari la mbio.

Propela ndiyo inayostahili kufikiriwa kwa muda mrefu, kwa sababu ndiyo inayoyagusa maji. Kanuni yake ni hii: msukumo ule ule unaweza kupatikana kwa kurusha maji machache kwa kasi, au kwa kusukuma maji mengi polepole, na njia ya pili hula nguvu kidogo. Ndiyo maana propela kubwa inayozunguka taratibu huishinda ndogo inayovuma, ilimradi ienee chini ya bodi bila kugusa na bila kuchungulia juu ya maji. Kwa modeli yetu, propela za milimita 25 zinatosha. Zingekuwa kubwa kidogo kuliko kipimo halisi kinavyotaka, lakini zikiwa ndani ya maji hakuna anayezihesabu. Propela ya milimita 25, ikiwa katika mzunguko mmoja ingesonga milimita 25 kama maji yangekuwa mango, na ikipoteza asilimia 40 kwa kuteleza, inahitaji kuzunguka mara 33 kwa sekunde ili kupeleka chombo nusu mita. Hiyo ni mizunguko 2,000 kwa dakika. Shika namba hiyo, maana ndiyo inayochagua mota. Na kabla ya kushawishika kuongeza kipenyo au mizunguko, kumbuka mambo mawili: mzigo wa propela hupanda kwa kipenyo kuzidishwa chenyewe mara tano, na nguvu hupanda kwa mizunguko kuzidishwa yenyewe mara tatu. Kutoka milimita 30 kwenda 40 kwa mizunguko ile ile ni mzigo zaidi ya mara nne. Kuongeza mizunguko maradufu ni nguvu mara nane. Mota iliyokuwa vuguvugu kwa propela moja inaweza kuungua kwa nyingine inayoonekana kuwa kubwa kidogo tu machoni.

Ukiwa na mizunguko 2,000 mkononi, dukani unaingia na macho mengine. Mota ya 540 ya volti 7.2 huzunguka zaidi ya mara 15,000 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Hata vimota vidogo vya 130, vile vya magari ya kuchezea ya watoto, huvuka 10,000 kwa volti tatu. Vyote viwili ni vya kasi mno kufungwa moja kwa moja kwenye shafti hii. Kinachofaa ni mota ya polepole, kwa mfano iliyoandikwa volti 12 na mizunguko 6,000, ikalishwa kwa volti 7.4: itazunguka kama 3,700 bila mzigo, na propela yake ikizamishwa majini itashuka hadi pale tunapopataka, huku akiba ikibaki. Wapo watakaosema kwamba hapa kwetu hakuna anasa ya kuchagua, kwamba mtu huchukua anachokikuta Kariakoo au kwenye maduka ya Barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Ni kweli kwamba mota maalumu za modeli za meli ni adimu. Lakini uhaba huo unaiunga mkono hoja yangu kuliko kuipinga. Printa mbovu zinazotupwa na maofisi zina mota za mkondo wa moja kwa moja zilizotengenezwa kwa volti nyingi na mwendo wa wastani, na kwa betri ndogo huzunguka kwa utulivu unaofaa sana. Anayetafuta nguvu huziacha kwa sababu ni “dhaifu”; anayejua namba yake huziokota. Na kama kilichopatikana ni mota ya kasi peke yake, gia za moja kwa tatu au mkanda mdogo wa mpira huishusha kasi na kuiongezea nguvu ya kuzungusha. Kelele itaongezeka kidogo. Modeli itakwenda.

Wengine husema kidhibiti mwendo cha elektroniki kimeshamaliza ubishi huu: weka mota kubwa, kisha sogeza mkono wa rimoti kidogo tu. Kwa karatasi hoja hiyo inasimama. Majini inayumba. Ikiwa mwendo wote wa kawaida wa modeli unapatikana katika sehemu ya kumi ya kwanza ya safari ya mkono huo, basi kuegesha gatini, kugeuka polepole, kurudi nyuma kwa tahadhari, vyote vinafanywa ndani ya milimita moja au mbili za kidole. Kidole kikiteleza, chombo kinaruka mbele na kugonga jiwe. Mota kubwa ya kaboni inayolishwa umeme kiduchu hukataa kuanza, kisha huanza kwa kurupuka. Mota zisizo na kaboni, zilizo nyingi leo kwa sababu ya ndege zisizo na rubani, ni imara na hazipotezi umeme mwingi, lakini zile zisizo na kihisi cha mzunguko hutetemeka zikianza kwa mwendo wa chini kabisa, na mwendo wa chini kabisa ndio roho ya modeli ya meli ya abiria. Anayetaka kuitumia mota ya namna hiyo atafute yenye mizunguko michache kwa kila volti, na hapo atakuwa amerudi kwenye hesabu ile ile ya propela.

Kuifunga mota ni kazi ya subira. Shafti hupita ndani ya bomba lililogandishwa kwenye bodi kwa gundi ya epoksi, na ncha ya ndani ya bomba hilo lazima iwe juu ya mstari wa maji, la sivyo maji yatapanda taratibu hadi yaijaze ngama huku mwenye modeli akishangaa yanakotoka. Pembe ya shafti iwe ndogo kadiri bodi inavyoruhusu. Kisha linakuja jambo ambalo wengi huliharakisha: kuipanga mota iwe kwenye mstari mmoja na shafti. Kiungo chenye maungio mawili husamehe kosa dogo, lakini kila digrii ya kosa hulipwa kwa kelele na umeme. Njia ya uhakika ni kuunganisha mota na shafti kwa kipande kigumu cha bomba la shaba chenye tundu linalobana pande zote mbili, kuiacha mota itafute mkao wake yenyewe, kugandisha kitako chake kikiwa katika hali hiyo, na gundi ikishakauka kabisa kukitoa kipande hicho na kuweka kiungo cha kawaida. Shafti iliyopangwa vizuri huzunguka kwa kusukumwa na kidole na huendelea kidogo baada ya kidole kuondoka. Ndani ya bomba iwekwe grisi laini. Grisi nzito huzuia maji vizuri lakini kwa mota za wati mbili tatu hizi huwa breki. Historia ya Liemba yenyewe ina ushahidi wa thamani ya grisi: Wajerumani walipoizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isichukuliwe, mafundi waliipaka mitambo grisi nene. Meli ilipoinuliwa na Waingereza mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Usukani hutendewa kama kitu cha baadaye, na hilo ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa kuwa katika chombo cha kwanza kabisa cha aina hii haikuwa hivyo. Nikola Tesla alipoonyesha boti yake ya kuongozwa kwa mawimbi ya redio huko Madison Square Garden, New York, mwaka 1898, na kupewa hataza namba 613,809 mwezi Novemba mwaka huo huo, ndani ya bodi aliweka mota ya kuzungusha propela na mota nyingine ya kugeuza usukani. Jina la hataza yenyewe linahusu udhibiti wa vyombo vinavyokwenda. Habari ya kasi haimo. Leo kazi ya mota ile ya pili hufanywa na sevo, na hapa tena nguvu huwadanganya watu. Usukani wa sentimita nne za mraba, ukipigwa na maji yanayotoka kwenye propela kwa mita moja kwa sekunde, hupokea msukumo wa kama gramu 20. Sevo ndogo ya gramu tisa, ile ambayo wanafunzi hununua kwa majaribio ya elektroniki, ina nguvu ya zaidi ya kilo moja na nusu kwenye mkono wa sentimita moja. Ina akiba ya zaidi ya mara hamsini. Kuweka kubwa zaidi ni kubeba uzito wa bure. Hata kasi yake imezidi: kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinataka usukani uweze kutoka digrii 35 upande mmoja hadi digrii 30 upande wa pili ndani ya sekunde 28, na kwa modeli yetu muda huo ni chini kidogo ya sekunde tatu. Sevo hukamilisha safari hiyo kabla hujakonyeza jicho, ndiyo maana rimoti inayoruhusu kuipunguzia kasi huifanya modeli ionekane na uzito wa meli.

Kinachoupa usukani uwezo ni mahali ulipo, ukubwa wake, na kutokulegea. Mahali pake ni nyuma ya propela, katikati ya maji yanayosukumwa, na hapo ndipo ile propela kubwa ya polepole inalipa mara ya pili: maji yake ni mapana na huufunika usukani wote, wakati propela ndogo ya kasi hutoa mchirizi mwembamba unaogusa sehemu tu. Ukubwa wa kipimo halisi hautoshi, kwa sababu kwa usukani mdogo maji huwa kama mazito zaidi, na kwa sababu modeli hugeuzwa kwenye bwawa badala ya ziwa. Kuongeza eneo kwa nusu, pengine kwa kipande cha plastiki angavu kisichoonekana majini, si udanganyifu. Ekseli ya usukani ikisogezwa ili robo au pungufu ya eneo ibaki mbele yake, mzigo wa sevo hupungua zaidi. Pembe isizidi digrii 35 hadi 45. Baada ya hapo maji huacha kuufuata ubapa wa usukani na kazi yake inakuwa kufunga breki. Bomba la ekseli nalo lipande juu ya mstari wa maji, kama la shafti. Kana na mkono wa sevo viwe sambamba, urefu sawa, na waya unaoviunganisha usiwe na nafasi ya kucheza kwenye matundu, kwani digrii tatu za ulegevu katikati ndizo zinazoifanya modeli itangetange kama mlevi hata ikiwa nahodha ameshika mkono wa rimoti bila kuutikisa. Rimoti iwashwe kwanza, sevo ijiweke katikati, ndipo mkono wake ufungwe.

Meli ya propela mbili yenye usukani mmoja katikati ina tabu yake, maana usukani huo unakaa kati ya mikondo miwili na kukosa yote. Baadhi ya watengenezaji hutatua hili kwa kuutupa usukani: vidhibiti mwendo viwili, mota moja mbele, nyingine nyuma, na chombo kinajizungusha mahali pamoja. Inavutia kuitazama, na kwa kuegesha ni msaada mkubwa. Lakini katika mwendo wa kawaida wa mbele, chombo kisicho na usukani hupindapinda, kwa sababu mota mbili za bei nafuu hazizunguki kamwe kwa usawa kamili, na nahodha hujikuta akisahihisha muda wote. Naona bora kuweka vyote: usukani mmoja nyuma ya kila propela, na tofauti ya mota itumike pale mwendo unapokuwa mdogo. Propela zizunguke kwa pande zinazopingana ili zisikivute chombo upande mmoja.

Hubaki hoja ya farumi: kwamba uzito wa mota kubwa na betri kubwa si hasara, kwa kuwa modeli inahitaji kushushwa hadi kwenye mstari wake hata hivyo. Kwa modeli nene ya boti ya kuvuta meli, yenye nafasi ya kilo kadhaa, hoja hiyo inaweza kupita. Kwa bodi nyembamba ya sentimita 10 yenye sitaha za abiria juu, hapana. Farumi njema ni ile inayolala juu ya mkuku na kusogezwa kwa ncha ya kidole mpaka chombo kisimame sawa tezi na omo. Mota haisogezwi, iko pale shafti ilipoiweka, kwa kawaida nyuma ya katikati na juu ya sakafu. Vipande vya risasi vya gramu 200 vilivyolazwa chini hufanya kazi ya utulivu ambayo gramu 300 za mota haziwezi.

Boti za mbio ni habari nyingine, na wanaozipenda wana haki ya kusema kwamba wati mbili kwao ni matusi. Bodi inayopanda juu ya maji inahitaji nguvu nyingi ili ipande, propela zake huzunguka kwa makumi ya maelfu, mota zake hupozwa kwa maji. Lakini hata kwao bodi ndiyo inayosema uzito gani unaweza kupanda, propela ndiyo inayosema ampea ngapi zitavutwa, na mota iliyonunuliwa kabla ya hayo kujulikana huungua kwa haraka zaidi kuliko katika meli ya abiria.

Umeme wenyewe hauna mengi. Mota ya kaboni ifungwe kapasita za maikrofaradi 0.1 kati ya vituo vyake na kutoka kila kituo hadi kwenye gamba, ili cheche zake zisikivuruge kipokezi. Antena ya kipokezi ikae juu ya mstari wa maji, kwa kuwa mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapenyi majini. Na fyuzi iwekwe karibu na betri, yenye ampea zinazozidi kidogo zile zilizopimwa, maana propela ikinaswa na nyasi mota iliyokwama huvuta umeme mwingi kuliko wakati wowote mwingine.

Neno hilo “zilizopimwa” ndilo ninalowaachia walimu wa ufundi na vijana wa Kigoma, Mwanza, Kisumu na Mombasa wanaoanza kazi hii. Karai la maji, mita ya umeme na mzani wa jikoni vinatosha. Pima uzito wa bodi ikielea kwenye mstari wake. Funga modeli kwa uzi ndani ya karai, washa mota, soma ampea katika robo, nusu na mwendo kamili, kisha badilisha propela na usome tena. Andikeni namba hizo, pamoja na kipenyo cha propela, volti na jina la mashine mlikoitoa mota, mzibandike ukutani shuleni au mpeane, kwa sababu anayetengeneza modeli ya MV Victoria, meli ya Ziwa Victoria, mwezi ujao atazihitaji kuliko ushauri wowote wa dukani.